Eksozi ya kelele na jirani mwenye mtoto mchanga: jibu kwa msomaji anayetoka saa 11 alfajiri

Swali: "Shikamoo fundi. Nilinunua pikipiki kwa mtu, ya silinda 1, ya kabureta, ikiwa tayari imebadilishwa eksozi. Sauti yake ni nzito na sikufichi, naipenda. Naondoka kwenda kazini saa 11 alfajiri. Wiki iliyopita mama wa nyumba ya pili, ana mtoto mchanga, alinisubiri nje akaniambia kwa upole: 'Kaka, ukiwasha tu mtoto anashtuka, na mimi ndiyo nimeamka hivyo.' Nilimwomba radhi, lakini moyoni nasema ni dakika 2 tu. Rafiki zangu wanasema nisiguse kitu, eksozi ya wazi inaongeza nguvu na magari yanakusikia mapema. Mimi nikiwa juu yake siioni kama ina kelele kiasi hicho. Je, ni kweli inamsumbua namna hiyo? Na kama ni kweli, nifanyeje bila kuharibu pikipiki? Na hii eksozi nikiivua niipeleke wapi?"

Marahaba, mdogo wangu.

Katika yote uliyoandika, nimeshikwa na pale unaposema ukiwa juu yake huioni kama ina kelele. Nakuamini kabisa. Mwendeshaji ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa habari za kelele za pikipiki yake. Mdomo wa eksozi uko nyuma na unatazama nyuma. Wewe umekaa mbele yake, kichwa kimo ndani ya helmeti, na sikio likishapigwa na mngurumo uleule kila siku huacha kuuhesabu. Ukishika mwendo, upepo wa kwenye helmeti unafunika hata kile kidogo ulichokuwa unakisikia.

Mimi haya sikuyajifunza kwenye ufundi. Ujanani niliendesha bomba tupu karibu miaka 2, na kila aliyelalamika nilimwona ana wivu. Siku moja mdogo wangu akaiazima, akatoka nayo alfajiri nami nikiwa bado kitandani. Alipopiga kiki, glasi iliyokuwa juu ya meza ya chuma ikaanza kulia, ile sauti nyembamba ya kioo kinachogongana na kitu. Akapasha moto. Akavuta mafuta mara 3 za bure, kama nilivyokuwa nafanya mimi. Akaondoka, nami nikaisikia ikipinda kona ya kwanza, ikapunguza kwenye tuta, ikapanda tena, ikaishia mbali huko sijui wapi. Nikabaki macho wazi gizani nahesabu ni nyumba ngapi zimepitiwa. Jumamosi ile ile nilitafuta eksozi ya kiwandani.

Kwa hiyo kabla hujanisikiliza mimi, fanya hivi. Mpe mtu unayemwamini ufunguo, aiwashe pale pale unapowashia siku zote, muda wa mchana ili usimwamshe mtu mwingine. Wewe lala kitandani kwako, dirisha likiwa kama linavyokuwa usiku. Mwambie afanye kila unachofanya wewe, pamoja na kule kuvuta mafuta. Kisha kumbuka kwamba mchana kuna sauti nyingine zinazoifunika kidogo, na alfajiri hakuna.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana umeuliza kama ni kweli inamsumbua. Pikipiki iliyosimama hupimwa kwa utaratibu unaojulikana: kipaza sauti huwekwa sentimita 50 kutoka mdomo wa bomba, kikiwa kimekaa kando kwa pembe ya digrii 45, na injini huzungushwa, kwa pikipiki nyingi, hadi nusu ya mizunguko inakotoa nguvu yake yote. Tuseme yako ikipimwa hivyo inatoa desibeli 100, desibeli ikiwa ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwa bomba lililotolewa vitu vya ndani, hiyo si namba ya kushangaza. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara 2 sauti hushuka desibeli 6. Kwa hiyo mita 1 ni 94, mita 2 ni 88, mita 4 ni 82, mita 8 ni 76. Mita 8 ndiyo umbali wa dirisha la jirani wa karibu. Dirisha lililofunguliwa kidogo hukata kama desibeli 15 hivi, kwa hiyo chumbani zinaingia 61. Na hapo nimehesabu kana kwamba uko uwanjani. Ukiwashia katikati ya kuta 2 za nyumba, sauti inadunda huku na huku na haishuki kwa kasi hiyo.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999 kuhusu kelele, lilisema chumba cha kulala kisipate sauti za ghafla zinazozidi desibeli 45. Wewe unampelekea 61. Usiidharau hiyo tofauti ya 16, kwa sababu desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kila zikiongezeka 10, sikio linaona sauti imekuwa kubwa karibu mara 2. Maana yake mama yule anasikia kitu kikubwa kama mara 3 ya kile ambacho chumba kinapaswa kuvumilia.

Hapo ndipo hoja yako ya dakika 2 inapoanguka. Mtu haamshwi na urefu wa kelele, anaamshwa na kule kuruka kwake kutoka kimya. Sekunde 1 inatosha. Na karibu na mapambazuko usingizi wa mtu huwa mwepesi kuliko wa usiku wa manane, kwa hiyo unampata pale pale anapoamka kirahisi na kurudi kwa shida. Hata wale wasioamka, mwili wao unajibu: moyo unaongeza mapigo, wao hawana habari. Wewe ukifika kona ya pili umeshasahau. Yeye ana kazi ya kumbembeleza mtoto mpaka kukuche.

Kuna kitu kingine ambacho vipimo havikisemi vizuri, nacho ni ile sauti "nzito" unayoipenda. Injini yako ya mipigo 4 yenye silinda 1 inatoa pumzi moja ya moshi kila mizunguko 2. Ikiwa inazunguka mara 1,500 kwa dakika, ni pumzi 12 au 13 kwa sekunde. Ukiivuta hadi 4,800 ni pumzi 40 kwa sekunde. Kila pumzi ni gesi yenye presha inayotoka kwa kishindo mara vali, yaani mlango wa moshi kwenye silinda, inapofunguka, na hicho kishindo ndicho sauti. Mitetemo ya chini namna hiyo ndiyo inayopenya kuta. Ukuta huzuia vizuri sauti nyembamba, kama za watu kuongea nje, lakini ngurumo unaipitisha, na vioo vinaitikia. Sasa, mashine za kupima kelele za barabarani hutumia kipimo kinachofuata usikivu wa sikio, na kwa mitetemo 50 kwa sekunde kipimo hicho hukata kama desibeli 30 nzima. Ndiyo maana mtu anaweza kukuonyesha namba ndogo kwenye simu huku madirisha ya jirani yanatetemeka, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Hoja ya rafiki zako kuhusu nguvu. Ina punje ya ukweli, na punje hiyo ndiyo inayowadanganya. Bomba lililotengenezwa na watu waliopima, likafungwa kwenye injini ambayo mafuta yake yamerekebishwa lifuate, linaweza kuongeza kidogo kwenye mizunguko ya juu. Bomba lililokatwa kwa msumeno si hilo. Urefu na upana wa eksozi ya kiwandani vimechaguliwa ili wimbi la presha likirudi kwenye vali lifike kwa wakati unaofaa na kusaidia kufagia moshi uliobaki. Ukifupisha, unahamisha wakati ule. Mara nyingi unachopoteza ni uvutaji wa chini na wa katikati, yaani ule ule unaoutumia kila siku ukitoka kwenye taa au ukipanda kilima na mzigo. Kinachobaki ni makelele, na makelele yana tabia ya kumfanya mtu ahisi anakimbia.

Halafu yako ni ya kabureta, na kabureta haijui kwamba umebadilisha eksozi. Jeti yake, kile kitundu kinachopitisha mafuta, ilipimwa kwa bomba la zamani. Moshi ukiachiwa njia pana, hewa inazidi mafuta. Fungua plagi uitazame: ikiwa nyeupe kama chokaa badala ya rangi ya udongo hafifu, injini inachomeka kwa joto. Dalili nyingine ni ile milipuko midogo ukiachia mafuta ghafla, tap-tap-tap, ambayo vijana wanaipenda. Ni mafuta ambayo hayakuungua kwenye silinda, yanawakia ndani ya bomba, mara nyingi kwa sababu hewa inaingia kwenye kiungo kilicholegea. (Kwa wenye injini za mipigo 2 wanaosoma hapa: kwenu ni mbaya zaidi. Lile tumbo la eksozi yenu ni sehemu ya injini, linarudisha mchanganyiko kwenye silinda. Ukilikata umekata injini.)

Hoja ya pili, kwamba kelele inaokoa maisha, naiheshimu zaidi kwa sababu inatoka kwa watu wanaoogopa kufa, nami naogopa vilevile. Lakini angalia ajali zinakotokea. Mwaka 1981 ilitoka ripoti maarufu ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, baada ya timu yake kuchunguza ajali 900 za pikipiki Los Angeles kwenye eneo la tukio lenyewe. Karibu robo 3 ya ajali zilikuwa za kugongana na chombo kingine, na katika hizo, theluthi 2 ni dereva mwingine aliyemnyima mwenye pikipiki njia yake. Gari la mbele linakata kona, linaingia barabarani. Hatari iko mbele, eksozi inapiga kelele nyuma. Dereva aliyefunga vioo na kufungulia muziki anakusikia vizuri ukishampita, wakati ambao hakuhitaji tena kukusikia. Ripoti ile ile ilionyesha kinachosaidia: taa ya mbele kuwaka mchana na koti la rangi kali, njano, machungwa au nyekundu ya kung'aa. Ongeza honi, ambayo inatazama mbele na unaipiga pale tu unapoihitaji.

Masikio yako mwenyewe pia yamo humu, ingawa hukuuliza. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa 100 una robo saa. Sikio langu la kushoto halisikii vizuri mlio wa simu siku hizi, na sina wa kumlaumu.

Sasa tuifungue. Kwanza jua una nini. Injini ikiwa imepoa kabisa, piga tochi kwenye mdomo wa bomba. Ukiona njia nyeupe moja kwa moja mpaka ndani, kuna kitu kimetolewa. Eksozi nyingi za kubadilisha huja na kimrija kifupi cha ndani kinachobana mdomo, kimeshikwa na skrubu moja, na hicho ndicho cha kwanza kutupwa na mnunuzi. Tafuta tundu la skrubu lililo wazi karibu na mdomo. Ukilikuta, kimrija chake kinaweza kupatikana peke yake, na kazi ya kukirudisha ni ya dakika 5. Usijitengenezee kwa kuziba na kopo au kitambaa. Kitambaa kinawaka, kopo linachomoka, na ukibana njia kupita kiasi unarudisha joto kwenye vali.

Kama kimrija kipo na bado inanguruma, basi pamba ya ndani imekufa. Eksozi za aina hii zina bomba lenye matundu katikati, na kulizunguka kuna nyuzi za kioo zinazomeza sauti. Nyuzi hizo huchoka. Unatoboa riveti za kifuniko cha nyuma kwa drili, unachomoa lile bomba, na ndani unakuta madonge ya kahawia yaliyokauka na nafasi tupu kubwa. Nyingine nimezifungua nikakuta masizi matupu. Vaa glavu na barakoa, zile nyuzi zinawasha ngozi na hazifai kuvutwa kifuani. Safisha masizi kwenye matundu, viringisha nyuzi mpya zinazouzwa kwa kazi hiyo, zijae bila kushindiliwa, kisha rudisha kifuniko na riveti mpya na gundi ya kustahimili joto. Pamba laini ya chuma, ile ya kusugulia, usiweke. Inaungua haraka na kutoka vipande vipande.

Lakini ushauri wangu wa kweli ni kurudisha eksozi ya kiwandani. Muulize aliyekuuzia kama anayo, watu huzitupa nyuma ya nyumba na hazikosi. Ndani yake kuna vyumba vilivyogawanywa kwa bati, na moshi unazungushwa kutoka chumba hiki hadi kile, kwa hiyo hakuna pamba nyingi ya kuchoka. Itikise kabla ya kuichukua: ikilia kama njuga, bati la ndani limekatika. Angalia chini kwenye kiungo kama kutu haijaila. Unapoifunga, weka gasketi mpya kule inakoingia kwenye silinda, ile pete ndogo, hata kama ya zamani inaonekana nzima, kwa sababu ikishabonyezwa mara moja haikai tena sawasawa. Kaza boliti 2 za pale kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, usikaze moja mpaka mwisho. Washa ikiwa baridi na upitishe mkono karibu na kiungo bila kugusa: ukihisi pumzi inakupiga, inavuja. Alama ya masizi meusi pale nayo inasema hivyo hivyo. Na kama mwenye pikipiki wa kwanza alibadilisha jeti ya kabureta ilingane na bomba la wazi, irudishwe nayo, la sivyo itakula mafuta na kutoa moshi mweusi.

Pikipiki nyingi zina kibao au kibandiko kwenye fremu kinachoonyesha desibeli za kiwandani na mizunguko zilikopimiwa. Kitafute. Kuna mahali namba ile imekuwa na meno: jimbo la Tirol, Austria, tangu Juni 2020 limezuia kwenye baadhi ya barabara zake, msimu wa kuendesha, pikipiki ambazo namba hiyo inazidi 95, hata kama hazijaguswa na mtu. Ikiwa kibao chako kinasema 88, rudi kwenye hesabu yetu ya juu: dirishani zitafika 64, chumbani 49. Bado si kimya. Kinachobaki unakimaliza kwa mwenendo wako.

Usiwashe mlangoni. Weka nyutro, isukume mpaka barabarani, mita 30 au 40, uwashie huko, mdomo wa bomba ukitazama upande usio na madirisha. Ukitoka mita 8 kwenda mita 32 umepunguza desibeli 12 bila spana yoyote. Kuhusu kupasha moto: na choki (ile ya kubana hewa injini ikiwa baridi), nusu dakika mpaka dakika moja inatosha, kisha ondoka taratibu kwa dakika chache za mwanzo. Injini inapata moto haraka zaidi ikiwa inatembea na mzigo mdogo kuliko ikiwa imesimama inanguruma. Ule mtindo wa kuvuta mafuta ya bure injini ikiwa baridi hauisaidii chochote, oili bado nzito na haijafika kote. Panda gia mapema, shika ya 3 kabla ya kona ya kwanza. Ukirudi usiku, achia mafuta kabla ya nyumba ya kwanza, usisubiri ufike kwako.

Nenda pia kwa yule mama. Nenda mchana, kwa miguu, helmeti usiishike mkononi. Usimwulize "bado inakusumbua?", maana kwa heshima yake atakuambia hapana. Mwambie ulichofanya, kisha mwambie: kesho nitatoka kama kawaida, naomba uniambie kama umenisikia. Hapo umempa swali ambalo kulijibu si kukugombeza. Na jua kwamba mtu akikufuata mara ya kwanza kwa upole kama alivyofanya, si kwamba ameanza kusikia jana. Amevumilia muda mrefu akipanga maneno.

Ukishafunga, rudia lile jaribio la kitandani na mtu yule yule. Sauti ukiisikia inaishia kona ya kwanza badala ya ya pili, kazi imefanyika.

Eksozi ya sasa, kama kimrija chake kimepotea kabisa, iuze kama chuma chakavu. Kama kipo, unaweza kumuuzia mtu anayeihitaji, kimrija kikiwa kimefungwa mahali pake na skrubu yake. Ila usimuuzie mtu wa mtaa wenu.